KIINGEREZA NACHO KINATAKA MURAJA'A



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wanafunzi wetu wapendwa, hususan mlioko Kidato cha Tatu na cha Nne, tumeona mwaka huu tuwausie juu ya mtihani wa Kiingereza. Wengi wenu mnauogopa, na sisi hatuwacheki, kwani uliwahi kutuangusha.

Tulipofanya mtihani wa Taifa tulikuwa tumekariri barua moja ya kuomba kazi, neno kwa neno, mpaka nukta. Siku ilipofika, tukatakiwa kumwandikia rafiki. Hatukuwa na barua nyingine kichwani, tukamwandikia rafiki ile ile ya kuomba kazi! Matokeo yalipotoka tukapata F. Baadhi ya wenzetu walikwenda Geita kwenye makarasha kusaga mawe ya dhahabu, nasi tukawafuata. Hatusemi kazi ile ni aibu. Chumo la halali ni chumo. Lakini aliyeichagua si sawa na aliyekosa njia nyingine.

Aliyetuzindua ni ustadh wetu wa zamani. Alituuliza: "Juzuu uliyoihifadhi ukiiacha miezi mitatu, utaikuta?" Tukajibu hatutaikuta. Akasema: "Basi na lugha ni hivyo hivyo. Wewe Kiingereza ulikikumbuka Oktoba, na mtihani ni Novemba."

Akatueleza habari za Zaid bin Thabit (r.a.), kijana aliyeamrishwa na Mtume (s.a.w.) ajifunze maandishi ya Mayahudi ili amwandikie na kumsomea barua. Imam Tirmidhi amepokea kuwa aliyamudu kwa nusu mwezi. Basi kujifunza lugha ya wengine si kuiacha dini.

Ni kweli mzigo ni mzito. Watoto wengi wa Shinyanga na Geita hulelewa kwa Kisukuma, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, madrasa hukutana na Kiarabu, kisha sekondari karibu masomo yote hugeuka Kiingereza. Ndiyo maana anayeshindwa Kiingereza huanguka na Baiolojia na Jiografia pia: jibu analijua, swali halielewi.

Tuliporudia mtihani tukiwa watahiniwa wa kujitegemea tulifanya haya:

Kwanza, maneno matano kila siku baada ya Alfajiri, kila neno na sentensi uliyoitunga mwenyewe. Ijumaa ni muraja'a wa wiki nzima.

Pili, kusoma ukurasa mmoja kwa sauti, kama tusomavyo mbele ya ustadh. Ulimi ukizoea, sarufi haikutishi.

Tatu, vitabu vya fasihi tulivisoma vyenyewe, si muhtasari wa kununua. Vitabu kama *Passed Like a Shadow* cha Bernard Mapalala na *Unanswered Cries* cha Osman Conteh, vilivyosomwa miaka mingi katika vidato hivyo, ni vifupi. Swali hutaka hoja zenye mifano ya vitabu viwili. Aliyevisoma hahitaji kukariri jibu la mtu.

Nne, insha au barua moja kila wiki, ikasahihishwa, kisha ikaandikwa upya. Jifunzeni umbo la barua, msikariri barua. Ya kirafiki ina anwani moja, rasmi ina mbili.

Tano, mitihani iliyopita, kwa saa tatu kamili, bila ya kuuliza mtu.

Tulipata C. Si alama ya kujivunia, lakini ilitufungulia mlango wa chuo.

Nanyi wazazi, mpeni mtoto saa moja ya jioni, hasa binti, ambaye saa hiyo ndoo na jiko humwita pamoja.

Mwenyezi Mungu awazidishie elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.