Safari ya Idodi, na Heshima ya Kijana

Barabara kuu ipitayo Ilomba yatupeleka hata Iringa, mwendo wa zaidi ya kilomita 300. Tukiisha kupita Uyole, njia yateremka; mkono wa kushoto twaona nyika ya Usangu, pana kama bahari, na mkono wa kuume milima ya Kipengere. Kutoka milima hiyo hushuka mito ya Chimala, Kimani na Mbarali, ambayo maji yake humwagika katika Ruaha Mkuu. Wasafiri wengi huivuka wala hawaitazami. Lakini tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi huko chini, kwa kuwa maji yatakiwa na wengi: mashamba ya mpunga, ng'ombe, na wanyama wa mwituni.

Kutoka Iringa twashika njia ya magharibi. Twapita Kalenga, palipokuwa ngome ya Mkwawa iliyovunjwa na Wajerumani mwaka 1894, kisha twateremka mpaka Idodi. Ni nchi ya joto na mibuyu, karibu na Hifadhi ya Ruaha iliyowekwa mwaka 1964. Humo hukaa wakulima, na pamoja nao Wamasai na Wabarabaig wachungao. Usiku simba huweza kuruka boma na kuua ng'ombe. Asidhani mtu wa mjini ya kuwa hilo ni neno dogo: ng'ombe mmoja ni ada ya shule, ni mahari, ni maziwa ya watoto.

Zamani vijana walitwaa mikuki wakamfuata simba. Aliyemwua alisifiwa sana. Tena kwa Wabarabaig alipita kwa jamaa na jirani, naye akapewa ng'ombe kuwa shukrani. Hivyo kijana asiye na kitu alipata jina na mali. Basi mtu amwambiapo, "Usiue simba," pasipo neno jingine, amemfungia njia ya heshima wala hakumfungulia nyingine. Atasikiaje?

Mwaka 2009 ulianza huko mradi uitwao Ruaha Carnivore Project, ili kupatanisha watu na wanyama wakali. Baadaye vijana wachungaji walichaguliwa wawe walinzi. Ujuzi wao wa kufuata nyayo haukutupwa, bali uligeuzwa. Walitafuta simba alipo, wakawaonya wachungaji wasipeleke mifugo huko, walitafuta ng'ombe waliopotea, waliimarisha maboma, na wenzao walipojikusanya kwenda kuwinda, waliwazuia kwa maneno.

Kazi hiyo ya mwisho ndiyo iliyo ngumu, maana kusimama mbele ya rafiki wenye hasira kwahitaji moyo kuliko mkuki. Wamasai wenyewe walijua neno hili tangu zamani: kila rika lina olaigwanani, kiongozi wake, naye hachaguliwi kwa nguvu za mkono tu, bali kwa busara na ulimi uliotulia. Na mbali kaskazini, katika Simanjiro, kituo cha Noloholo kimewakusanya watoto wa Kimasai kambini, wajifunze habari za malisho na wanyama, wapate kuwaongoza wengine.

Nasi twamjua Daudi, mchungaji aliyempiga simba. Lakini sifa yake haikuwa kufa kwa simba. Ilikuwa kuokoka kwa mwana-kondoo. Hao vijana wa Idodi walimlinda kondoo, na simba naye akabaki hai.

Wazazi na waalimu, neno hili latupasa sisi pia. Katika nyumba nyingi desturi zilizompa kijana cheo zimeondoka. Je, tumeweka nini mahali pake? Kijana asiyepewa kazi ya heshima na wazee wake ataitafuta mwenyewe, na huenda akaipata barabarani au kilabuni. Makatazo peke yake hayalei mtu.

Basi likizo ijapo, wakusanyeni vijana. Wapeni chemchemi moja waitunze kwa jina lao, wapande miti ya asili kandokando yake, wachague msemaji wao wenyewe, nao watoe hesabu mbele ya wazee. Wafundisheni ya kuwa maji ya milima hii hunywewa na watu na wanyama wa nchi za chini, wasioweza kuja kutuomba. Atakayeyalinda maji hayo amekuwa mchungaji wa wengi, ijapokuwa hana ng'ombe hata mmoja.