Chui Juu ya Mbambakofi

Ukitaja Lunga Lunga, watu wanafikiria mpaka: malori yanayosubiri kuvuka kwenda Horohoro, wabadilishaji pesa, joto. Okidi? Hizo si ni za vyungu vya mapokezi kwenye hoteli za Diani?

Basi kwenye shamba la shangazi yangu kuna mbambakofi mkubwa, na juu yake kuna okidi ya manjano yenye madoa ya kahawia kama ngozi ya chui. Wataalamu wanaiita Ansellia africana. Wengi hudhani inaunyonya mti. Hainyonyi, imejishikiza tu. Baadhi ya mizizi yake husimama wima kama sindano na kudaka majani makavu yanayoanguka. Yakioza, yanakuwa chakula. Yaani inajitengenezea mboji hukohuko juu!

Pwani hii ina pia Vanilla roscheri, ndugu wa vanila ya keki, mtambaa wa kijani usio na majani. Imepewa jina la Albrecht Roscher, Mjerumani aliyeuawa karibu na Ziwa Nyasa mwaka 1860.

Mbegu ya okidi ni kama vumbi, haina akiba ya chakula. Porini haioti mpaka ikutane na kuvu wa kuilisha. Kwa hivyo usikate mti wa zamani, upande mkaratusi, halafu ungoje okidi irudi.

Uingereza, okidi moja ya porini ilichumwa hadi mwaka 1917 ikadhaniwa imetoweka. Mwaka 1930 ukapatikana mmea mmoja Yorkshire. Waliojua ulipo walifunga midomo, ukalindwa kwa miaka mingi. Wazee wa kaya huku hawangeshangaa. Ndani ya kaya hukati mti, na huingii bila ruhusa. Mwaka 2008 UNESCO iliziweka kaya kadhaa za Mijikenda kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Ila shamba la shangazi si kaya. Mnunuzi wa mbao ameshakuja mara mbili, kwa sababu mbambakofi hutoa milango mizuri, na binamu yangu anaingia shule ya sekondari.

“Mwanangu, ua halilipi karo,” shangazi aliniambia. Sikuwa na jibu. Nilituma nusu ya karo, naye akakubali kungoja hadi muhula wa pili.

Picha nimeiweka mtandaoni. Marafiki wanaomba pini ya mahali. Siwapi.