Fulana za bure

Juzi nilikuwa na mawazo kweli. Si mnajua nagombea uwakilishi wa kitivo? Tajiri mmoja akanipigia simu, eti atanilipia fulana zote za kampeni. Bure! Mwenzangu wa chumbani akasema nikikataa mimi ni chizi.

Kilichonifanya nisite ni Vaughan Gething. Jamaa kazaliwa Zambia mwaka 1974, mama Mzambia, baba daktari wa mifugo wa Wales. Alisoma Aberystwyth, akaongoza umoja wa wanafunzi wa Wales, Mweusi wa kwanza. Yaani kaanzia siasa za chuo kama sisi! Akawa wakili, 2011 akaingia bunge la Wales, akashika wizara ya afya mpaka kipindi cha korona. Machi 2024 akawa Waziri wa Kwanza, Mweusi wa kwanza kuongoza serikali ya nchi ya Ulaya.

Tatizo, kwenye kampeni alipokea pauni 200,000 toka kampuni ambayo mwenye nayo alishatiwa hatiani kwa makosa ya mazingira. Akasema taratibu zote zilifuatwa. Haikusaidia. Juni akashindwa kura ya imani, 29 kwa 27. Julai wanne wa serikali yake wakajiuzulu siku moja, naye akatangaza kuondoka.

Najua, fulana siyo pauni laki mbili. Lakini tajiri wangu ndiye mwenye tenda ya kantini, na mimi nimeahidi kupigia kelele bei ya msosi. Nitaongea na mdomo gani? Nikamtumia meseji: asante mzee, acha tu.

Mabango naandika kwa mkono. Mwenye maka peni aniazime.