Neno "Jumla" Ughaibuni

Wahenga walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Hawakusema aitweje yule ambaye asili yake imepewa jina na mwingine. Fort Ternan, katika Kaunti ya Kericho, pale reli inapoteremka kuelekea Muhoroni na Kisumu, ni mahali pa namna hiyo. Jina lake linatokana na Trevor Ternan, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyehudumu Uganda mwishoni mwa karne ya 19. Hata mabaki ya kale yaliyofukuliwa hapo mwaka 1961, ya kiumbe aliyeishi yapata miaka milioni 14 iliyopita, Louis Leakey aliyaita Kenyapithecus wickeri kwa heshima ya Fred Wicker, aliyekuwa mwenye shamba. Stesheni ya jirani, iliyojulikana kama Lumbwa, ilikuja kuitwa Kipkelion. Fort Ternan ikabaki na la kwake.

Mwanafunzi wa Kiswahili atokaye huko amekwisha kuzoea kuona jina la mgeni kwenye kibao cha kwao. Ndiyo maana hushangaa akutanapo na kinyume chake katika tarakilishi: programu ya wageni iliyobeba jina la Kiswahili. Programu hiyo ni Joomla, ambayo hutumiwa kuundia na kuendeshea tovuti.

Mwanzoni palikuwa na programu iliyoitwa Mambo, iliyobuniwa na kampuni ya Miro nchini Australia na kufanywa huria mwaka 2001. Mwezi Agosti 2005 waundaji wake wakuu walihitilafiana na kampuni hiyo kuhusu wakfu ulioanzishwa kuisimamia, wakajitoa. Leseni ya programu huria humpa kila mtu haki ya kuisoma, kuibadilisha na kuisambaza. Hivyo waliweza kuondoka na kazi yao. Jina tu ndilo walilolazimika kuliacha. Mzee wa Kikipsigis asiyejua tarakilishi angelielewa kisa hicho kwa wepesi, kwani nguvu ya kokwet, yaani baraza la majirani, imo katika watu wanaoketi pamoja wala si katika mti unaowapa kivuli. Jumuiya ikaalikwa kupendekeza jina jipya, na tarehe 1 Septemba 2005 likatangazwa: Joomla, yaani "jumla" kwa tahajia ya kumrahisishia matamshi msomaji wa Kiingereza. Maana iliyotolewa ilikuwa "wote kwa pamoja".

Mambo hayakuishia hapo. Toleo la 4.0, lililotoka Agosti 2021, liliitwa Furaha. Yakafuata Kuamini, Uaminifu, Bora na Pamoja. Toleo la 5.0 la Oktoba 2023 likaitwa Kutegemea, na baada yake Kudumisha na Uthabiti. Ni fahari iliyoje kuona msamiati wa Kiswahili ukipangwa hivyo mbele ya watu wa mabara yote!

Hata hivyo, fahari isimzuie mwanaisimu kufanya kazi yake. Kutegemea ni kumwegemea mwingine. Yule anayeegemewa hutegemewa. Kiambishi kimoja tu cha kauli ya kutendwa ndicho kinachomtenganisha anayebeba na anayebebwa. Ikiwa nia ilikuwa kuisifu programu kwa kuwa haimwangushi mtumiaji, basi Kutegemewa ndilo lililofaa. Jumla nalo lina lake. Katika maduka ya Kericho, muuzaji wa jumla ni yule auzaye kwa gunia na katoni, kinyume cha rejareja. Darasani, jumla ni matokeo ya kujumlisha. Maana ya "wote kwa pamoja" haiko mbali, ila asikiaye neno hilo kwanza huona shehena au hesabu, ndipo aone watu.

Si haki, lakini, kulalamika sana. Jumla lenyewe lilitoka katika Kiarabu, ambako pia lina maana ya sentensi. Kiswahili kilichukua meza kutoka Kireno na shule kutoka Kijerumani, kikayaandika kipendavyo bila kuomba ruhusa. Neno lisafirilo halina budi kuvaa nguo za ugenini.

Tofauti ni kwamba meza na shule yalipewa kazi ya kila siku katika vinywa vya watu. Jina lililobandikwa juu ya programu halimfanyi mkulima wa kahawa wa Fort Ternan aweze kuisoma. Kazi hiyo huhitaji wenye lugha. Ilikwisha kufanyika mwaka 2004, pale mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulipotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye amri na maelezo kwa Kiswahili. Hapo lugha ilitoka kwenye kibao ikapanda treni.

Waliolipa stesheni jina la Ternan hawakumwuliza mwenyeji. Programu huria inamtendea vingine: tafsiri zake hufanywa na watu wanaojitolea, na mwenye kuona kosa ana haki ya kulisahihisha. Kwa hiyo mwanafunzi anayejua kutofautisha kutegemea na kutegemewa ana cha kuchangia nje ya chumba cha mtihani. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vikiunda vikundi vya kutafsiri na kusanifu istilahi, vitakuwa vimeingia katika kazi ambayo kwa muda mrefu imelitumia neno la Kiswahili huku wenye lugha wakiwa wachache mezani. Wasipoingia, wengine wataendelea kulifasiri kwa niaba yao.