Faili Nililoliita "Nuer 4"

Kosa langu nililifanya dukani, mchana kweupe, tena nikijiona mtu wa maana. Mwaka 2020 nilimnadi mwanamuziki mmoja kwa wapenzi wenzangu wa muziki hapa mtaa wa Gudele, Juba, kana kwamba nimemvumbua mimi. Kumbe nyimbo zake zilikuwa zimepita mikononi mwangu miaka mingi kabla ya hapo. Nilizinyima jina la mwenyewe, nikaziuza, na siku za hatari zilipofika nikazifuta. Mwanamuziki huyo ni Gordon Koang.

Nianze na duka. Nilitoka Kisumu nikaja Juba miaka michache baada ya mkataba wa amani wa 2005, wakati Wakenya na Waganda walipokuwa wakimiminika huku kutafuta riziki. Nyumba nyingi za Gudele hazikuwa na umeme, kwa hiyo nikafungua kibanda cha kuchaji simu: jenereta dogo, soketi nyingi, na kompyuta moja iliyojaa nyimbo. Mteja analeta memori kadi au flashi, anachagua, namjazia, analipa. Intaneti ilikuwa ghali na ya kusuasua, na sisi wenye vibanda ndio tuliokuwa soko la muziki la mtaa. Aliyetaka wimbo alikuja kwetu, na jina tulilouandikia ndilo alilolijua.

Mbele ya kibanda palikuwa na mwarobaini, na chini yake kijiwe chetu: fundi pikipiki kutoka Arua, mwalimu mmoja Mkongo, dereva wa lori, na vijana wa hapa waliokulia kambi ya Kakuma wakarudi na Kiswahili chao. Kijiwe kilikuwa na sheria ambayo hakuna aliyeitamka lakini kila mtu aliifuata: usilete wimbo unaopigwa na redio zote. Heshima alipewa aletaye mwimbaji asiyejulikana, anayetunga mwenyewe na kupiga ala yake mwenyewe, asiye na kampuni kubwa mgongoni.

Katika mchezo huo nilikuwa bingwa. Ni mimi niliyewaletea Geoffrey Oryema, mzaliwa wa Soroti, aliyetoroshwa Uganda ya Idi Amin mwaka 1977 ndani ya buti la gari baada ya baba yake kuuawa, akatoa albamu yake *Exile* mwaka 1990 akiwa Ufaransa. Niliwaletea Leo Mkanyia wa Dar es Salaam, anayeuita muziki wake Swahili Blues, na Vitali Maembe wa Bagamoyo, anayewasema mafisadi kwa gitaa. Zaidi ya wote nilimhubiri Ayub Ogada wa Kenya na nyatiti yake, kinubi cha Wajaluo, mpaka watu wakachoka. Mafaili yao niliyaandika kwa adabu: jina la mwimbaji, jina la wimbo, mwaka.

Katika kompyuta hiyohiyo palikuwa na folda nyingine. Wateja walioomba nyimbo za kwao walikuwa wengi kuliko wanakijiwe, nami nyimbo hizo nilizinakili kutoka kwenye simu zao au kwa wenzangu wenye vibanda kwenye masoko ya Custom na Konyo Konyo. Sikuuliza nani kaimba. Nilizipanga kwa kabila: Dinka 1, Dinka 2, Bari 1, Nuer 1, na kuendelea. Mteja alilazimika kusikiliza kipande baada ya kipande, na akishaupata anaoutaka, ananitajia namba. Mwisho wakazoea, wakawa wanaagiza wimbo kama mtu anayeagiza chumba cha gesti.

Ndani ya folda ya Wanuer palikuwa na sauti moja ya mwanamume, na chini yake kinubi kinachokwenda mbio, nyuzi zikirudia mzunguko uleule mpaka miguu inakosa subira. Kinubi hicho Wanuer hukiita thom. Mimi ni mtoto wa Kisumu, nyatiti nimeisikia tangu utotoni, na ala hizo mbili ni za ukoo mmoja. Sikio langu lilipaswa kushtuka. Halikushtuka. Nyatiti ya Ogada ilinifikia katika albamu ya lebo ya Real World ya Uingereza, yenye picha na maelezo ya kitaalamu. Thom ilinifikia kutoka kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, ya kijana aliyekuwa akisubiri chenji. Ile nikaipeleka kijiweni. Hii nikaipa namba.

Laiti ningeuliza, mteja yeyote angenieleza. Koang ni mzaliwa wa Upper Nile, kipofu tangu kuzaliwa. Alikuja Juba akapiga muziki mitaani na makanisani, akiwa na binamu yake Paul Biel, akatunga nyimbo za mapenzi na za umoja, akaimba kwa Kinuer, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza. Wasikilizaji wake aliwapata wimbo kwa wimbo, bila msaada wangu wala wa mtu wa aina yangu. Hata neno "asiyejulikana", ambalo kijiweni tulilipenda sana, kwake lilikuwa tusi. Alijulikana vizuri. Hakujulikana kwangu.

Vita vilianza Juba tarehe 15 Desemba 2013. Koang na binamu yake walikuwa wamekwenda Australia kuwatumbuiza Wasudan Kusini waishio huko, habari zikawakuta hukohuko, wakaamua kutorudi na kuomba hifadhi. Huku Gudele siku hizo za mwanzo wanaume wa Kinuer walikamatwa, wakafungiwa ndani ya jengo moja la mtaani na kupigwa risasi. Human Rights Watch ilikadiria waliouawa hapo kuwa kati ya 200 na 300. Majirani zetu waliosalimika walikimbilia kwenye vituo vya Umoja wa Mataifa.

Mimi nilifunga kibanda nikajifungia ndani. Nilipoiwasha kompyuta, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuifuta folda ya Wanuer. Hakuna aliyeniamuru. Niliogopa kwamba askari akiingia kukagua ataliona neno hilo kwenye skrini. Woga wenyewe siuonei aibu sana, maana nilikuwa mgeni mwenye watoto nyumbani. Aibu yangu ni jinsi kidole kilivyokwenda bila kusita. Kama ningemjua mtu yule kwa jina, nadhani ningezihamishia nyimbo zake kwenye flashi nikaifukia uani, au ningempa mtu anayesafiri kwenda Kisumu. Lakini nilikuwa nimezifuta zamani, tangu siku nilipoziandikia kabila badala ya mtu. Sikuhisi kwamba ninapoteza chochote.

Nikarudi Kenya, nikaja tena Juba, mapigano ya Julai 2016 yakatutawanya upya, tukarejea mmoja mmoja. Kijiwe kikafufuka kikiwa na mapengo.

Agosti 2020 ikatoka albamu ya Koang, *Unity*. Aliyeitoa ni Music in Exile, lebo ya Melbourne isiyotafuta faida, inayofanya kazi na wanamuziki wahamiaji na wakimbizi. Koang alikuwa amengoja karibu miaka sita kabla ya kupewa ukaazi wa kudumu mwaka 2019, na katika wimbo mmoja wa albamu hiyo, "Asylum Seeker", anawaimbia wale ambao bado wanangoja. Wazungu wakaandika sifa zake. Nikazisoma kwenye simu, nikasikiliza, nikapagawa. Jioni yake nikaweka spika mezani na kuwatangazia wanakijiwe kwamba leo nimewaletea mtu ambaye hawajawahi kumsikia.

Kijana mmoja aliyekuja kuchaji simu akacheka. Alikuwa wa Kakuma, akarudi Juba wakati wa uhuru, akakimbia 2013, sasa alikuwa amerudi tena. "Mzee," akaniuliza, "huyu unamtambulisha kwa nani? Nyimbo zake nilizinunua hapahapa kwako kabla ya vita. Nilikuwa nakuambia nipe Nuer 4."

Nikamkatalia. Nikasema mbele ya kijiwe kizima kwamba amechanganya, kwamba zile zilikuwa za watu wengine. Uongo huo ndio unaoniuma kuliko yote, kwa sababu nilijua anasema kweli kabla hajamaliza kusema. Thom ile niliikumbuka. Yeye hakubishana. Simu ilipojaa akalipa akaenda zake, nami nikaendelea kusifiwa kwa kuleta kitu kipya.

Ulipita muda mrefu kabla sijamwambia kweli. Nilipomwambia hakukasirika, aliniuliza tu kama nyimbo zile za zamani bado ninazo. Kadi yake ilipotea mwaka 2013 pamoja na vitu vyake vyote, naye alitumaini kwamba kompyuta yangu ilizihifadhi. Nikalazimika kumweleza na hilo la kufuta.

Nimejitetea kwa hoja mbili, na zote hazisimami. Ya kwanza ni lugha, kwamba sielewi Kinuer. Lakini mwalimu wetu Mkongo haelewi neno la Kijaluo, na Ogada alimtoa machozi. Oryema aliimba sana kwa Kiacholi, na dereva wa lori alimpenda bila mkalimani. Lugha haikuwa kizuizi pale ambapo mtu mkubwa alikuwa ameshasema kwamba muziki huo ni mzuri.

Hoja ya pili ni kwamba wote tuko hivyo. Hii ina ukweli, na ndiyo maana ni hatari zaidi. Mwenda Jean Bosco alikuwa akipiga gitaa na kuimba kwa Kiswahili katika miji ya migodi ya Katanga. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey akamrekodi Jadotville, ambayo leo ni Likasi, na wimbo wake "Masanga" ukaenda kufunzwa na wapiga gitaa wa nchi za mbali. Ogada alikuwa mwanamuziki wa Nairobi kabla hajawa mpiga nyatiti wa vituo vya treni za chini ya ardhi London. Albamu yake ilitoka huko mwaka 1993, na wengi wetu nyumbani tulimsikia kwa mara ya kwanza katika filamu *The Constant Gardener* ya 2005. Alifariki Februari 2019 kwake Nyahera, nje kidogo ya mji wangu. Mimi niliyemhubiri miaka yote hiyo sikuwahi kwenda kumwona akipiga.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Methali hiyo ina sharti lisilotajwa: walio kwao wawe wanamjua kwa jina. Sisemi kwamba watu wa Melbourne wamekosea. Wamefanya kazi niliyoikalia. Waliandika jina lake, wakaeleza ametoka wapi na anaimba nini, wakauza kazi yake ikiwa yake.

Na nisiruke suala la pesa. Katika nyimbo zote nilizojaza kwenye kadi za watu, hakuna mwimbaji aliyepata hata senti moja kutoka kwangu. Nyota mkubwa akiibiwa wimbo, jina lake bado litajaza uwanja Jumamosi. Mwimbaji anayejitegemea akinakiliwa bila malipo hubakiwa na jina tu: wimbo ukisambaa na jina likasambaa nao, huenda mtu akamwita harusini au akanunua albamu ijayo. Mimi nilichukua pesa na jina pia.

Siku hizi folda za makabila hazipo katika kompyuta yangu. Wimbo ukiingia bila jina, nauliza, na nisipopata jibu siuzi. Kijiweni nimeacha kusema "nimevumbua". Ninapotaja waimbaji wa kusikilizwa nawataja kwanza walio karibu: Nyaruach, aliyelelewa Kakuma na kuimba na kaka yake Emmanuel Jal katika albamu *Naath* ya 2018, Manasseh Mathiang na Mer Ayang, waliokuwa miongoni mwa wasanii wa Ana Taban walioanza mwaka 2016 kuidai amani kwa nyimbo na michoro. Hayo hayalipi deni langu. Nayasema ili mtu asidhani kwamba nimekiri kisha nikaendelea vilevile.

Nawe unayependa kuwaletea wenzako waimbaji wasiosikika redioni, usianze na orodha ya sifa kutoka ng'ambo. Muulize anayepanga chumba jirani nawe, anayekukata nywele, anayekuletea maji, kwamba kwao humsikiliza nani. Andika jina la mwimbaji kabla ya kunakili wimbo, na ikiwa ana mahali pa kulipia, lipa. Na kama wewe ni mmoja wa walionunua nyimbo za Gordon Koang katika vibanda vya Gudele kabla ya Desemba 2013, na kadi yako ilisalimika, usiitupe. Badilisha lile jina nililoziandikia, kisha mpelekee nakala mtu aliyezipoteza.