Ijumaa Zako za Maskati

Kikwajuni, Unguja
Mwanzo wa Disemba

Mwanangu mpenzi,

Huku kaskazi imeanza kupiga na joto lake limeshatukamata, wakati nyinyi huko ndiyo kwanza mnavuta pumzi.

Mama yako kanieleza maisha yako ya Maskati. Ijumaa ukishasali unarudi chumbani Ruwi, unalala, unapiga simu nyumbani, Jumamosi unafua, Jumapili kazini. Yeye kafurahi, anaona mtoto katulia na hatumii ovyo. Mimi sikufurahi. Nimeishi hapo, na nimewaona watu wetu wakiweka uhai wao wote akiba kwa ajili ya likizo. Miaka inapita, na ukimuuliza mtu Oman ikoje, anakutajia ofisi, duka kubwa na uwanja wa ndege. Usiishi huko kama abiria anayengoja ndege. Siku mbili za mapumziko ni zako, na nyuma ya ile milima mikavu unayoiona ukitoka mlangoni kuna nchi nzima.

Wakati ndio huu, kuanzia sasa hadi Machi. Likishaingia joto la Juni hata Waomani wenyewe wanakimbilia mlimani.

Anzia Nizwa. Ni kiasi cha kilomita 160, barabara ni nzuri na gari dogo linatosha. Changeni petroli wewe na wenzako wa chumbani. Tokeni kabla ya alfajiri, msali njiani, ili mfike wakati wa mnada wa mbuzi wa Ijumaa. Wanunuzi wanakaa duara, wauzaji wanazunguka katikati na mbuzi wao, na bei zinatajwa huku mnyama anatembea. Mwenye kumtaka anamsimamisha, anamfungua mdomo kutazama meno, anampapasa mgongo. Mabedui, wakulima wa mlimani, wanawake waliovaa barakoa, wote wamo. Mapema sana kabla ya sala ya Ijumaa kila kitu kimekwisha, kwa hiyo anayechelewa kuamka anakuta samadi tu.

Ukitoka mnadani panda ngome ya Nizwa. Ule mnara mnene wa duara aliujenga Imam Sultan bin Saif wa ukoo wa Yaarubi, yule aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650. Sehemu yake ya chini imeshindiliwa ili mizinga isiutikise, na juu ya milango ya ngazi kuna matundu ya kummwagia adui asali ya tende inayochemka. Asali yenyewe ilitoka mle mle. Tafuta ghala la tende uione sakafu yake ya mifereji: magunia yalirundikwa juu, na kwa uzito wake asali ikajichuruza hadi kwenye mitungi.

Kisha uipite Bahla, ufike Jabrin. Hapo nakuomba usiwe na haraka. Jabrin ni jumba la mtoto wa yule imamu, Bil'arab bin Sultan, aliyelijenga kwenye miaka ya 1670. Alikuwa mtu wa elimu. Aliweka madarasa humo ndani, na dari za mbao zikachorwa maua mpaka shingo inakuuma kwa kutazama juu. Ndugu yake, Saif, alimpiga vita akamzingira humo humo, na Bil'arab akafia ndani. Kaburi lake utalikuta chini. Saif huyo ndiye ambaye majeshi yake yaliizingira Ngome ya Yesu, Mombasa, kwa karibu miaka mitatu na kuiteka mwaka 1698. Baada ya hapo ndipo Waomani walipojenga Ngome Kongwe yetu hapa Unguja, pale palipokuwa na kanisa la Wareno.

Umeipita Ngome Kongwe tangu utoto ukienda Forodhani kula mishkaki. Sasa uko mwendo wa saa mbili tu kutoka kwenye nyumba ya watu waliosababisha ijengwe. Sikutumi kwenda kuwasifu wafalme. Utawala wa Waomani kwetu ulileta biashara na elimu, na ulileta pia misafara ya watumwa, na yote mawili uyakumbuke ukisimama mle. Lakini haifai mtu wa Unguja afanye kazi Oman asiyaone mambo haya kwa macho yake.

Kama una nafasi ya kulala, lala Nizwa, asubuhi ukakae kando ya Falaj Daris. Falaj ni mfereji unaoleta maji kutoka chini ya ardhi hadi mashambani kwa mteremko peke yake, bila pampu. Mitano ya Oman iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, na Daris ni mmojawapo. Maji yanagawiwa kwa zamu za muda. Kwa desturi mchana walipima kwa kivuli cha jua na usiku kwa nyota. Tia miguu yako humo. Baada ya wiki nzima ya kiyoyozi, utanielewa.

Jabal Akhdar iache mpaka Aprili, msimu wa mawaridi. Hapo gari dogo halitakufikisha: kuna kizuizi cha polisi Birkat al-Mouz, nao hawaruhusu gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne. Juu, kwenye kimo cha kama mita 2,000, vijiji vimening'inia ukingoni na mashamba yamekatwa ngazi ngazi. Mawaridi yanachumwa asubuhi mapema kabla jua halijayachoma, yanapikwa ndani ya tanuri za udongo, mvuke wake unapoa na kuwa marashi. Marashi ya kule yana harufu ya moshi kidogo. Bibi yako huyatia kwenye mrashi wake wa maulidi na hataki mengine, kwa hiyo chupa mbili ni zake.

Upande wa pwani iko njia ya kwenda Sur. Njiani kuna Wadi Shab, bonde la maji ya kijani kati ya kuta za mawe. Unavushwa kwa mashua, unatembea juu ya majabali, halafu unaogelea hadi kwenye pango lenye maporomoko ya maji. Vaa nguo ya heshima, maana kuna wakulima na familia humo. Kama huna uhakika wa kuogelea, ishia kwenye mabwawa ya mwanzo.

Na hili nalisema kwa mkazo wote nilionao: wadi inaua. Mvua hunyesha mlimani huku wewe uko juani huna habari, na maji yanashuka ghafla na mawe na miti. Watu wazima, madereva wazoefu, wamechukuliwa pamoja na magari yao wakidhani maji yanavukika. Ukiona wingu zito juu ya milima, toka bondeni. Ukikuta maji yanakata barabara, zima gari ukae, hata kama Jumapili utachelewa kazini. Kuyavuka ni kosa kisheria pia, lakini si faini ninayoiogopa.

Sur yenyewe itakugusa. Kuna karakana ambako majahazi bado yanaundwa kwa mkono, na iko *Fatah al-Khair*, jahazi la aina ya ganja lililoundwa hapo mwaka 1951. Vyombo vya Sur vilikuja kwetu na kaskazi hii inayopiga sasa, vikileta tende na chumvi, vikarudi na kusi vikiwa na boriti za mikoko. Zungumza na wazee wa pwani ile. Usishangae ukijibiwa kwa Kiswahili.

Salalah ni mbali, kiasi cha kilomita 1,000, haifai kwa siku mbili. Ingoje likizo ya Eid, au chukua ruhusa kati ya Julai na Agosti. Kusi ile ile inayochafua bahari yetu ndiyo inayowaletea manyunyu, na milima yao inakuwa ya kijani kama Pemba.

Kuhusu fedha, nimeshasema na mama yako. Mwezi huu tuma pungufu kidogo. Karidhika, na ada ya mdogo wako nimeibeba mimi. Petroli ya Nizwa itoke humo, na usiwaache wenzako wakulipie. Ukirudi Jumamosi usiku niandikie, hata mistari miwili, unieleze mbuzi walikuwa bei gani.

Wasalaam,
Ami yako