Mtumbwi wa Wastaafu

Mfanyakazi wa serikali katika nchi yetu anapofikia umri wa kustaafu, miaka 55 kwa hiari au 60 kwa lazima, hupewa vitu viwili: kiinua mgongo na ushauri. Kiinua mgongo huja mara moja tu, tena aghalabu kwa kuchelewa. Ushauri huja mapema na hauna mwisho. Jenga vyumba vya kupangisha. Fuga kuku wa mayai. Nunua pikipiki mbili uwape vijana wakuletee hesabu kila jioni. Na kama mstaafu mwenyewe ni mtu wa Tarime, ushauri wote huo hukunjwa ukawa neno moja: ng'ombe.

Baba Mkubwa wangu, Mkurya wa kuzaliwa na kulelewa wilayani Tarime, alistaafu mwaka 2016 baada ya kuwa karani wa bohari serikalini kwa zaidi ya miaka 30. Alinunua mtumbwi.

Wewe unayesoma makala haya ukiwa Dar es Salaam au Morogoro huenda usihisi kishindo cha jambo hilo. Katika sehemu kubwa ya Tarime heshima ya mzee huanzia zizini. Ziwa ni la Wajaluo na Wasuba walioko pwani ya Shirati. Mto ni kitu cha kuvukwa, na mahali pa ng'ombe kunywea maji. Wazee wenzake walimjia wakiwa na nyuso za msibani. Mmoja wao alimwambia kwa uchungu wa kweli: "Mwenzetu, ng'ombe huzaa, mtumbwi huoza. Kijana wako wa mwisho akitaka kuoa, utapeleka mbao?"

Siri ya mtumbwi huo ni Mama Mkubwa. Yeye ni Mjaluo, binti wa mvuvi wa Shirati, sehemu ambayo hadi mwaka 2007 ilikuwa ndani ya Wilaya ya Tarime na sasa imo katika Wilaya ya Rorya. Baba yake, kwa kuwa watoto wake wa kiume walichelewa kuzaliwa, alimfundisha binti huyo wa kwanza kupiga kasia, kutega nyavu na kusoma mawingu, japo walikuwapo wavuvi walionong'ona kwamba mwanamke hapandi chombo cha uvuvi. Baadaye binti alikwenda chuo cha ualimu, akaajiriwa, akaolewa mwaka 1983 na kijana wa Kikurya aliyekuwa akitetemeka hata kwenye kivuko. Tangu hapo hakushika kasia tena.

Familia za wafanyakazi zinafahamu maisha ya uhamisho. Baba Mkubwa alihamishiwa Dodoma, akahamishiwa Tabora, akahamishiwa Lindi. Mama Mkubwa alifundisha shule za msingi za Tarime muda wote huo, kwa sababu nyumba ilikuwa huko, watoto walikuwa huko, na mashamba hayahamishiki. Siku moja, kwa kalamu nyekundu ya ualimu, alikaa akapiga hesabu. Katika miaka 33 ya ndoa yao walikuwa wamelala chini ya paa moja kwa muda usiozidi miaka tisa, likizo zikiwamo. Aliporudi Baba Mkubwa na masanduku yake, alirudi kwa mtu aliyemheshimu sana na ambaye hakumjua vizuri. Walikuwa na adabu kama wageni wawili. Kwa kukosa cha kuzungumza, Mama Mkubwa akasema angependa kuona maji tena kabla ya kufa. Mtumbwi ulitokana na sentensi hiyo.

Ulichongwa kwa mbao na mafundi wa ufukweni Shirati, ukaletwa kwa lori hadi kijijini, watoto wakiukimbilia nyuma kana kwamba limekuja gari la sinema.

Sasa nikueleze mto wenyewe. Mto Mara huanzia katika misitu ya Mau nchini Kenya, hupita katika hifadhi ya Masai Mara, huingia Serengeti upande wa Kogatende, kisha hutoka hifadhini na kupita kati ya Wilaya za Tarime na Serengeti. Safari yake yote ni takriban kilomita 395, hadi Ziwa Victoria karibu na Musoma. Kabla ya kulifikia ziwa hupoteza haraka yake, hutapakaa na kuwa kinamasi kipana cha mafunjo. Nyumba yao iko hapo mto unapoanza kulegea, upande wa kaskazini, na kutoka barazani huonekana vilima vya Wilaya ya Serengeti ng'ambo ya pili.

Wakati wa masika mtumbwi hufungwa kwenye mti. Maji huwa ya udongo, yenye hasira, yakibeba magogo. Maisha yao ya majini ni ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, mto unapotulia.

Hawaondoki kabla jua halijapanda. Kiboko hulisha nchi kavu usiku na kurejea majini alfajiri, na mtu akimkuta kati ya malisho na maji amemkuta mahali pabaya. Mama Mkubwa hukaa nyuma na kasia la kuongozea. Yeye ndiye nahodha. Baba Mkubwa hukaa mbele na kijiti, akigonga ubavu wa mtumbwi taratibu ili viboko wasikie, wainue vichwa, wajulikane walipo. Hapo ndipo ukarani wa bohari ulipopata kazi mpya. "Saba, Mwalimu," husema. "Jana walikuwa wanane." Naye Mwalimu huzuia kasia, akasubiri kimya, hata kama ni nusu saa, mpaka wa nane atokeze pua yake. Nimepanda nao mara tatu, na sijawahi kuona kikao cha ofisi yoyote ambapo hesabu ilisikilizwa kwa makini namna hiyo.

Wana leseni ya uvuvi, wana maboya ya kuvaa, na nyavu zao ni za macho makubwa. Makokoro, yale yanayokumba hata vifaranga vya samaki, Mama Mkubwa hataki hata kuyasikia. Vijana wanaoyatumia huyaficha wanapomwona, kwa kuwa nusu yao aliwafundisha kusoma. Hupata kambale, kamongo, mara nyingine sato. Jikoni hapakosi kitoweo. Ziada huuzwa kwa majirani, wakiwamo wale waliokuja kutoa pole.

Kisha kuna ningu. Huyu ni samaki wa Ziwa Victoria ambaye mvua zikinyesha hupanda mitoni kutaga mayai. Mama Mkubwa anasimulia kwamba utotoni mwake walipanda kwa wingi kiasi kwamba maji ya mto mdogo yalionekana yanachemka. Lakini samaki anayejulikana saa na njia yake ni rahisi kutegwa. Nyavu zilifungwa kwenye midomo ya mito, akanaswa akiwa na mayai tumboni, na leo amekuwa adimu. Siku niliyokuwa nao mmoja alinaswa, mnene, wa kifedha. Baba Mkubwa akatabasamu. Mama Mkubwa akampapasa tumbo yule samaki, akaona ana mayai, akamrudisha majini bila kusema neno. Baba Mkubwa aliyatazama yale maji kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama basi lililomwacha. Usiku ule tulikula mlenda.

Huenda utauliza kuhusu nyumbu, kwani msomaji wa mjini akisikia Mto Mara huwaza nyumbu wanaovuka mbele ya kamera za watalii. Wale huvuka juu zaidi, ndani ya hifadhi, kati ya Julai na Oktoba, katika msafara wa nyumbu zaidi ya milioni moja. Hapa kijijini hawafiki. Hata hivyo mto huleta habari zao. Utafiti uliotangazwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kwa wastani nyumbu 6,250 hivi hufa maji kila mwaka katika mto huo. Nyama yao hulisha mamba, ndege na samaki, na mifupa yao huendelea kuyeyuka na kurutubisha maji kwa takriban miaka saba. Baba Mkubwa alipoelezwa habari hizo na mjukuu wake mmoja wa sekondari, alimgeukia kambale aliyekuwa sahanini akamwambia, "Kumbe na wewe ni mtalii."

Katikati ya Machi 2022 maji katika eneo la kinamasi kuelekea Kirumi yaligeuka kuwa meusi, yakanuka, na samaki wakaelea wakiwa wamekufa. Serikali ilizuia wananchi kuyatumia na kuvua, ikaunda kamati ya wataalamu iliyoongozwa na Profesa Samwel Manyele. Kamati ilieleza kwamba chanzo kikubwa kilikuwa kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza, mambo yaliyopunguza hewa ya oksijeni majini. Wengi hawakuridhika na maelezo hayo, na mjadala ulikuwa mkali. Jambo lenyewe la samaki kukosa hewa si geni katika mto huo: watafiti wamewahi kuonyesha kwamba hata madimbwi yaliyojaa kinyesi cha viboko, mafuriko yanapoyasukuma ghafla, huweza kuua samaki. Baba Mkubwa alisoma habari za kamati gazetini, akalipeleka gazeti kwa wale wazee wenzake. "Mnaona?" akasema. "Na ninyi mlitaka ninunue ng'ombe."

Huo ndio mzaha pekee aliofanya mwezi ule. Kijiji chao kiko juu kidogo ya eneo lililoharibika, lakini hofu haina mpaka, na samaki wao hakuna aliyetaka kuwanunua. Mtumbwi ulifunikwa kifudifudi uani. Wale wawili wakarudia ile adabu ya wageni: mmoja barazani, mmoja jikoni, redio ikizungumza kwa niaba yao.

Watoto wao wanne walipofika nyumbani kwa Pasaka walikuwa wamekwisha kushauriana kwa simu. Mpango wao ulikuwa mzuri, na mimi niliyekuwapo nashuhudia kwamba ulitoka moyoni. Mtumbwi uuzwe. Baba aende Dar es Salaam kwa kaka mkubwa, karibu na hospitali, kwa ajili ya shinikizo la damu. Mama aende Mwanza kwa binti yao aliyejifungua, ambaye yeye na mumewe wote wanafanya kazi, na msaidizi wa nyumbani alikuwa ameondoka bila kuaga. Kila jambo lilikuwa na sababu yake. Ukiziweka sababu hizo pamoja unapata mume Dar es Salaam na mke Mwanza.

Nadhani wasomaji wengi mnaujua mpango wa namna hiyo, ama mmewahi kuupanga. Bibi anahitajika mjini kwa sababu kuna mtoto wa kulea. Babu hahitajiki kwa lolote, kwa hiyo hubaki kijijini akijipikia uji, au hupelekwa mahali pa kupumzishwa. Hatuna nia mbaya. Tunawagawana wazazi kwa namna ile ile tunavyogawana gharama za msiba, kila mmoja kwa uwezo wake, na hakuna anayekumbuka kuwauliza.

Mama Mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, kama alivyokuwa akisikiliza wanafunzi. Kisha akasema: "Wanangu, ahsanteni. Serikali ilitutenganisha kwa barua ya uhamisho, nasi tukatii, maana mlihitaji ada. Ninyi mnatutenganisha kwa tiketi ya basi. Safari hii sitii. Mwanza nitakuja wakati wa masika, mtumbwi ukiwa umefungwa, nilee mjukuu wangu. Tutakuja wawili, au hatuji."

Binti yake alilia, kwa kuwa nyumba yake ina vyumba viwili tu. Baba Mkubwa, ambaye hakuwa ameombwa maoni na mtu yeyote, alisema yeye aliwahi kulala bohari kwa miezi minne kule Lindi, sebule si tatizo.

Basi hivyo ndivyo wanavyoishi hadi leo. Tangu masika ya mwaka uliofuata huwa Mwanza, na godoro lao husimamishwa ukutani kila asubuhi. Dawa za shinikizo huchukuliwa huko, na kaka mkubwa hugharimia vipimo. Kiangazi kikiingia na shule zikifungwa mwezi Juni, wao hurudi mtoni na wajukuu huwafuata. Simsihi mstaafu yeyote anunue mtumbwi. Mamba wamo, viboko wamo, na mtu asiye na nahodha kama yule afadhali afuge kuku.

Juni iliyopita walikuwa wajukuu watano. Mtumbwi hupokea wawili kwa zamu, wakiwa wamevaa maboya yanayowafika magotini. Msichana wa miaka minane kutoka Dar es Salaam ndiye aliyekabidhiwa kijiti cha kugonga ubavu, kwa kuwa macho yake yanawahi kuona pua za viboko kuliko ya babu yake. Baba Mkubwa, akiwa hana kazi tena pale mbele, aliomba ajaribu kushika kasia la nyuma. Mama Mkubwa alimtazama, akautazama mto, akasema labda mwakani.